Uzi: Kazi huharibikia wapi inapopita kati ya idara za taasisi moja kubwa?

#1. Afisa Ugavi, mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nimefanya kazi ya ugavi kwa miaka 19, na 11 kati ya hiyo nimeitumikia taasisi moja kubwa hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa haya nitakayoyaeleza nimeyasikia pia kwa wenzangu wa taasisi nyingine nyingi. Makao makuu yetu yako Posta, bohari iko Vingunguti, karakana iko Chang'ombe, na matawi yametawanyika mikoani. Kwa jumla tuna watumishi zaidi ya elfu mbili. Kila mwaka viongozi wetu hutuhimiza kushirikiana kana kwamba kilichopungua ni moyo. Tunapelekwa Bagamoyo kwenye mafunzo ya siku mbili, tunavuta kamba, tunapigwa picha tukiwa na fulana za rangi moja, na Jumatatu asubuhi faili linarudi kulala kwenye meza ileile. Mimi naamini kwa dhati kwamba watu ninaofanya nao kazi wanathaminiana vya kutosha. Kazi zetu huharibika pale zinapotoka mkononi mwa idara moja kwenda mkononi mwa nyingine, na hapo ndipo ninapoomba tupajadili.

Niwape kisa. Miaka mitatu iliyopita tuliagiza vipuri vya mitambo kutoka nje ya nchi. Kontena lilipofika bandarini, wakala wa forodha alituletea makadirio ya ushuru na kodi ndani ya siku mbili. Karakana ilitakiwa kuthibitisha kwamba vipuri vilivyo kwenye ankara ndivyo vilivyoombwa, Idara ya Fedha ilipe, kisha sisi wa ugavi tukautoe mzigo. Fundi mkuu aliipitia orodha, akasaini dokezo siku ya tatu na kumpa mhudumu alipeleke masijala, ofisi ya kutunza mafaili, ya makao makuu. Masijala waliliingiza kwenye rejista siku ya nne, lakini wakaliweka kwenye faili la ununuzi badala ya faili la malipo, kwa sababu kichwa chake kilisomeka tu "Vipuri". Faili lile likapandishwa ghorofa ya tano kwa ofisa ambaye alikuwa ameanza likizo yake ya mwaka siku moja kabla.

Kuanzia hapo kila mmoja wetu alijua kwamba kazi iko kwa mwenzake. Katika kundi letu la WhatsApp lenye watu 64, swali la "Wakuu, suala la kontena limefikia wapi?" liliulizwa mara nne, na mara zote lilijibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Aliyejibu hakudanganya, ndivyo alivyoamini. Siku ya 17, wakati tozo za uhifadhi na za kuchelewa kurudisha kontena zikipanda kila kukicha, niliamua kuzunguka mwenyewe ofisi kwa ofisi nikiuliza kwa mdomo. Nililikuta faili kwenye trei ya plastiki, chini ya kalenda ya mezani, likiwa limefungwa kwa kamba ya kijani ambayo haikuwa imeguswa. Dokezo lilikuwa folio ya 43, yaani karatasi ya 43 ya faili lile, na sahihi ya fundi mkuu ilikuwa na tarehe ya wiki mbili nyuma. Nilishuka nalo hadi Fedha, na malipo yakakamilika kwa saa tatu.

Tulipokaa kumtafuta mkosaji hatukumpata. Kazi zote zilizohitaji mtu kufikiri, kusoma na kusaini zilichukua siku nne na saa tatu; siku nyingine zote dokezo lilikuwa limelala. Kila idara ilifungua rejista yake na kuonyesha kwamba ilitimiza wajibu wake kwa wakati, na zilikuwa sahihi, huku taasisi ikilipa tozo ambazo hazikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Baada ya hapo meneja wetu alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliwakusanya watu saba, mmoja kutoka kila ofisi inayogusa manunuzi kutoka nje, siku ya Jumamosi, palepale bohari, katikati ya mashelfu. Agizo lake lilikuwa moja: kila mmoja amweleze anayemtangulia ni nini hasa anachokihitaji kutoka kwake ili asimrudishie karatasi. Nilidhani tungemaliza kwa saa moja. Tulikaa saa sita, na mbili za mwanzo zilikuwa za ugomvi.

Kilichobadilisha kikao ni daftari. Fundi mkuu, mzee aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, alitoa kwenye mkoba wake daftari la shule ambamo aliandika kila ombi lake lililorudishwa na Fedha. Yalikuwa maombi 31. Tuliyapitia moja baada ya jingine, tukakuta 22 yalirudishwa kwa sababu ileile: namba ya kipuri aliinakili kutoka kwenye kibati kilichobandikwa kwenye mtambo, ilhali Fedha walihitaji namba ya katalogi ya muuzaji ili waweze kuilinganisha na ankara. Hakuna aliyewahi kumweleza jambo hilo. Karatasi zilimrudia zikiwa na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, naye kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba watu wa makao makuu wanamdharau kwa sababu ya elimu yake. Mhasibu aliyekuwa akiweka alama zile alikuwa ameketi mbele yake. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mzee wangu, nisamehe. Nilidhani unajua."

Jioni ile tuliandika ukurasa mmoja tu. Unasema kwamba anayepokea ndiye anayeeleza kazi iliyokamilika ikoje, na kwamba anayekabidhi hahesabiwi kuwa amemaliza mpaka anayepokea aandike jina lake kuwa amepokea na kimetimia. Tulikubaliana pia kwamba kila agizo liwe na mtu mmoja, tunamwita mwenye mzigo, ambaye haongezewi cheo wala mshahara, ila ana ruhusa ya maandishi ya kumpigia simu mtumishi yeyote wa idara yoyote kuhusu agizo hilo. Na kwenye mihtasari ya vikao, chini ya yatokanayo, tuliacha kuandika jina la idara katika safu ya mhusika na tukaifuta kabisa kauli ya "utekelezaji unaendelea". Idara haipokei simu. Panaandikwa jina la mtu na tarehe.

Naomba uzoefu wenu, hasa wa mliopitia taasisi kubwa kuliko yetu, na hasa pale mambo yaliposhindikana.

#2. Muuguzi wa Upasuaji

Ndugu Afisa Ugavi, pole na hongera kwa pamoja. Nimekusoma nikitoka zamu ya usiku, nikaona nisilale kabla sijachangia.

Nafanya kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali kubwa hapa mjini, na kwetu makabidhiano yakikosewa anayeumia ni mgonjwa aliyelala mezani. Pengine wengi humu hawajui kwamba mojawapo ya majaribio makubwa kuhusu namna watu wanavyofanya kazi pamoja lilifanyika pia hapa Tanzania. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, zikiwamo za London, Seattle na Toronto, na moja kati ya hizo nane ilikuwa Ifakara. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi au ganzi, kabla ngozi haijakatwa, na kabla hajatolewa chumbani. Katika usomaji wa pili, kila aliyemo hutaja jina lake na kazi yake.

Nilipoanza kazi niliona kutaja majina ni kupoteza muda, kwa kuwa sote tuko hospitali moja. Baadaye nilitambua kwamba katika hospitali yenye watumishi wengi timu ya leo siyo ya jana: mtaalamu wa usingizi ametoka zamu nyingine, daktari bingwa amealikwa kutoka nje, mwanafunzi amefika juzi. Asubuhi moja tulikuwa na mgonjwa wa goti aliyechomwa ganzi ya uti wa mgongo, kwa hiyo alikuwa macho. Tulisimama, tukataja majina, na binti mmoja wa upande wa usingizi, aliyekuwa na miezi minne tu kazini, akasema kwa sauti ndogo kwamba fomu ya ridhaa inataja goti la kushoto na alama ya kalamu iko kwenye la kulia. Kila mkono ulisimama. Tulimuuliza mgonjwa mwenyewe, akasema la kushoto. Binti yule aliniambia baadaye kwamba kama asingekuwa ametaja jina lake dakika moja kabla, asingethubutu kufungua kinywa mbele ya bingwa.

Nina tahadhari moja kwenu wa ofisini. Nimeona pia orodha hiihii ikijazwa mwishoni, mgonjwa ameshatolewa, mtu mmoja akiweka alama za vema zote 19 kwa mkupuo akiwa ameketi peke yake. Karatasi ile haimlindi mtu. Chunga ukurasa wenu, ndugu yangu, usije ukafikia hapo.

#3. Mtu wa Mifumo

Mkuu, naomba nianze na kundi lenu la WhatsApp. Watu 64 wana jozi 2,016 za watu wanaoweza kuzungumza wao kwa wao, ilhali watu saba wana jozi 21 tu. Ndiyo maana Jumamosi moja ya watu saba ilifanikisha kile ambacho kundi halikuweza, na ndiyo maana taasisi inapokua ushirikiano wa kufahamiana kwa sura, ule uliotosha mlipokuwa wafanyakazi thelathini, hautoshi tena hata kama nia ni ileile.

Mimi hutengeneza na kufunga mifumo ya kompyuta maofisini, na lawama ninayoisikia kila mara ni kwamba mfumo umefungwa lakini idara bado hazishirikiani. Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alieleza mwaka 1968 kwamba taasisi inayobuni mfumo huishia kupata mfumo wenye sura ya mawasiliano ya watu wake wenyewe. Nimeyaona haya kwa macho yangu. Kuna kampuni tuliyoifungia mfumo wa kufuatilia mafaili. Miezi sita baadaye nilikuta idara ya kwanza inachapisha dokezo kutoka kwenye mfumo, linasainiwa kwa kalamu, linaskaniwa, linapandishwa tena kwenye mfumo, na idara ya pili inalichapisha upya. Walikuwa wamehamishia kwenye kompyuta uhusiano uleule waliokuwa nao kabla.

Mfano mzuri tunao hapahapa nyumbani. Kabla ya mfumo wa serikali wa malipo, GePG, kuanza kutumika mwaka 2017, mwananchi aliyetaka kulipa ada au tozo ya umma mara nyingi alikwenda benki, akapewa karatasi ya malipo, akairudisha mwenyewe ofisini ili apewe stakabadhi. Mwananchi ndiye aliyekuwa mhudumu wa kupeleka mafaili kati ya benki na taasisi. Leo anapewa kumbukumbu namba, ile ambayo wote tunaiita kontroo namba, analipa kwa benki au kwa simu, na taarifa inarudi yenyewe kwa aliyetoa ankara. Nyuma ya namba ile wako watu wa Wizara ya Fedha, mabenki, kampuni za simu na taasisi nyingi za umma, na wengi wao hawajawahi kuonana. Wanachokubaliana ni nani anatoa namba, ujumbe unaandikwaje, na nani anamjulisha nani malipo yakishafika.

Kampuni za simu nazo ni washindani wakali, lakini mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel ziliruhusu wateja wao kutumiana pesa kati ya mtandao na mtandao, na Vodacom ikaungana nazo mwaka 2016. Zilikubaliana masharti huku kila moja ikiendelea kutafuta wateja wa mwenzake. Nikisikia meneja anasema idara mbili za ghorofa moja haziwezi kuelewana kwa sababu wakuu wake hawapatani, huwa nayakumbuka haya.

#4. Mkopeshaji

Nimewasoma kwa makini, na sikubaliani na mleta uzi katika jambo moja kubwa. Umeeleza vizuri karatasi iliyolala, lakini hujaeleza kwa nini watu huziacha zilale.

Nafanya kazi katika tawi la benki linalohudumia wafanyabiashara wa Kariakoo. Sisi wa tawini tunapimwa kwa idadi na thamani ya mikopo tuliyotoa kila mwezi. Wenzetu wa kitengo cha tathmini makao makuu wanapimwa kwa uchache wa mikopo iliyoshindwa kulipwa. Mimi nikipeleka ombi la mfanyabiashara wa vitenge anayehitaji fedha kabla ya msimu wa sikukuu, kila siku inayopita inanipunguzia mimi, na mwenzangu akilikataa au akiomba nyaraka moja zaidi haimgharimu chochote. Unaweza kutuwekea kurasa kumi za makabidhiano. Atapokea, ataandika jina lake, ataandika kwamba hakijatimia, na atakuwa hajavunja kanuni yoyote. Mfanyabiashara anakwenda kukopa kwingine kwa riba ya kuumiza, na sisi wawili tunaonana kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka tukipongezana.

Hata katika utumishi wa umma, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, OPRAS, ulioanza mwaka 2004 ulijengwa juu ya makubaliano ya mtumishi mmoja na msimamizi wake mmoja. Sasa umekuja mfumo mpya wa kielektroniki, PEPMIS, na watumishi bado wanapimwa mmoja mmoja. Kumpima mtu mmoja mmoja ni haki yake, lakini nani anaipima kazi inayopita kati ya watu wawili? Mtu hufuata kile anachopimwa nacho. Naomba ulijibu hilo, mkuu, kwa sababu kisa chako kilikuwa na bahati ya kuwa na watu wema.

#5. Afisa Ugavi, mleta uzi

Ndugu Mkopeshaji, umenikumbusha sehemu niliyoiruka, na una haki ya kuniuliza. Nakubali kwamba ukurasa wetu ulikaribia kufa mwezi wa tatu, na sababu ilikuwa hiyo uliyoitaja.

Idara yetu ya Fedha hupimwa kwa hoja za ukaguzi. Wakaguzi wakikuta malipo yaliyofanywa bila nyaraka kamili, hoja inaandikwa, na aliyeidhinisha ndiye anayeitwa kujieleza. Karakana hupimwa kwa saa ambazo mtambo umesimama. Kwa hiyo mhasibu mwangalifu na fundi mwenye haraka wote wawili walikuwa wakifanya kile taasisi ilichowatuma kufanya. Nilijifunza kuacha kumwita mhasibu mkaidi. Ukimwomba mtu alegeze utaratibu, unamwomba aweke jina lake mahali ambapo wewe hutakuwepo kumtetea.

Tulilitatua kwa hatua mbili, na ya kwanza ndiyo iliyokuwa na uzito. Tulimpelekea mkurugenzi dokezo linaloeleza kwamba usahihi wa vipimo na namba za vipuri ni dhamana ya fundi mkuu kwa sahihi yake, na kwamba likitokea kosa la vipimo atakayejieleza ni karakana. Fundi mkuu alikubali bila kusita. Alisema amekuwa akingoja kuaminiwa hivyo tangu aajiriwe. Fedha walipoona kwamba hawabebi tena lawama ya jambo wasilolijua, kasi yao ilibadilika ndani ya wiki. Hatua ya pili ilikuwa kuweka kipimo kimoja kwa wakuu wote watatu, wa Fedha, Karakana na Ugavi: idadi ya siku tangu ombi linaposainiwa hadi kipuri kinapoingia bohari. Kipimo hicho kiko kwenye tathmini zao zote, kwa uzito uleule. Mmoja wao alilalamika kwamba anahukumiwa kwa uzembe wa wenzake. Mkurugenzi alimjibu kwamba kwa hiyo sasa ana sababu ya kwenda kuzungumza nao.

Sitaki kuwadanganya kwamba tumefika. Mikoani utaratibu huu haujashika, kwa sababu huko mtu mmoja ana kofia tatu na anajikabidhi mwenyewe. Na hapa makao makuu, baada ya kuonekana kwamba tumefaulu kidogo, ilipendekezwa iundwe kamati ya watu 15 ya kusimamia ushirikiano. Niliipinga kwa nguvu zangu zote. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na katika matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 1913, watu wanane wakivuta pamoja kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu aliyokuwa nayo akivuta peke yake. Sehemu ya upotevu hutokana na kutovuta kwa wakati mmoja, na sehemu nyingine kwa kila mtu kuamini kwamba wengine watatosha. Waliowahi kuwaona wavuvi wa Kunduchi wakiipandisha mashua ufukweni wanajua kwamba yuko mmoja anayeita na wengine wanaitikia, na kwamba mashua husogea kwenye kiitikio. Kamati ya watu 15 isiyo na mwitaji ingekuwa posho ya kikao na muhtasari. Tukabaki na watu saba.

Dada Muuguzi, nimeichukua tahadhari yako kwa uzito. Nilipokwenda kukagua kurasa zetu za mwezi uliopita nilikuta nne zenye sahihi zote za wino mmoja na mwandiko mmoja. Tunalifuatilia.

#6. Mwanagenzi

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza kwa niaba yetu tulioajiriwa karibuni.

Mimi nina mwaka mmoja kazini katika shirika kubwa, na karibu kila wiki naona jambo limekwama na najua limekwama kwa nani. Nilijaribu mara moja kumpigia simu mkuu wa kitengo cha jirani moja kwa moja. Alinisaidia vizuri kabisa, lakini msimamizi wangu alipopata habari alinionya kwamba nimeruka ngazi na nimemwonyesha kwamba hajui kazi yake. Tangu siku hiyo naandika barua pepe, namwekea nakala kila mtu, na sipati jibu. Sina meneja kama wa mleta uzi. Mtu wa chini aanzie wapi bila kuonekana mkosefu wa adabu?

#7. Muuguzi wa Upasuaji

Marahaba, mwanangu.

Usimwekee nakala kila mtu. Barua ya watu kumi haina mwenyewe. Kabla ya kwenda kwa mtu wa idara nyingine, mweleze msimamizi wako kwa sentensi moja unakwenda kwa nani na kuuliza nini, na ukirudi mpe jibu yeye wa kwanza, ili alitumie akiwa kikaoni. Nilifanya hivyo nikiwa chini ya dada mkuu mmoja mkali sana, na baada ya miezi michache yeye ndiye aliyekuwa akinituma. Alichokuwa akikiogopa ni kuulizwa jambo mbele ya wenzake wakati mimi nalijua na yeye halijui.

Na nenda kwa miguu inapowezekana. Mtu aliyekuona uso, ukamsalimia, ukamuuliza habari za nyumbani kabla ya kutaja shida yako, hupokea simu yako ya pili kwa namna nyingine.

#8. Mkopeshaji

Nimeridhika na jibu la mleta uzi kuhusu dhamana ya sahihi, na nitalipeleka kwa meneja wangu kwa maneno yaleyale: kwamba tawi libebe kwa maandishi dhamana ya kuthibitisha biashara ya mteja ipo na inafanya kazi, na kitengo cha tathmini kibaki na hesabu za uwezo wa kulipa. Sijui kama litakubaliwa. Nabaki na swali moja: mwenye mzigo wenu akienda likizo au akihamishwa, si mnarudi palepale kwenye trei chini ya kalenda?

#9. Afisa Ugavi, mleta uzi

Tulirudi palepale mara mbili, mkuu, kabla hatujalifikiria hilo. Kukaimisha cheo tulikuwa tunajua; barua ya kaimu hutoka siku hiyohiyo. Mizigo yenyewe ndiyo ilikuwa haikaimishwi na mtu.

Sasa fomu ya likizo katika idara zetu tatu imeongezwa jedwali dogo chini ya anuani ya likizo. Mwombaji anaorodhesha kila agizo alilolishika, limefika wapi, linangoja nini kutoka kwa nani, na jina la anayelipokea, ambaye naye anasaini palepale. Ofisa utumishi haipitishi fomu bila sahihi hiyo ya pili. Mwanzoni watu walilalamika kwamba wanacheleweshewa likizo, na wiki ya kwanza mimi mwenyewe nilirudishiwa fomu yangu, kwa haki kabisa, kwa sababu niliandika "inaendelea" kwenye agizo la matairi. Kwa anayehamishwa tumeongeza siku mbili za kukaa na mrithi wake meza moja, wakipiga pamoja simu kwa kila mtu anayehusika, ili sauti mpya ifahamike.

Mzee wetu wa karakana alistaafu mwaka huu. Siku zake mbili alizitumia na fundi kijana anayechukua nafasi yake, na asubuhi ya kwanza walikwenda Posta kwa daladala kuonana na mhasibu yule wa kalamu nyekundu, wakiwa na daftari. Kijana ameendelea kuliandika. Ukurasa wetu wa makabidhiano pamoja na jedwali la fomu ya likizo nitavipandisha hapa wiki ijayo, nikishaondoa majina ya watu na ya taasisi, ili atakayetaka avibadilishe vifae kazini kwake.